Safari ya Mwalimu Kamba

Watoto wa darasa la tatu walimpa jina Mwalimu Kamba, na yeye alijifanya halijui. Jina lilimstahili. Darasa lake likitoka nje ya geti la shule, hata kama ni kwenda kuangalia posta tu, kila mtoto alishika fundo lake kwenye kamba moja ndefu ya katani, na kila fundo lilishonewa kitambaa cha rangi yake. Walimu wenzake walimcheka eti anapeleka mbuzi sokoni. Aliwaacha wacheke. Hakuwahi kurudi na mtoto pungufu, na mtu mwenye sifa hiyo hana haja ya kubishana na yeyote.

Mwaka huu walikuwa wanakwenda kwenye makumbusho ya wazi, yale yasiyo na paa: kijiji cha zamani kilichojengwa upya uwanjani, chenye nyumba za udongo, kisima, garimoshi kuukuu lililosimama kwenye reli zisizofika popote, na karakana ambamo mhunzi wa kweli alifua chuma mbele ya wageni. Usingizi ulikuwa umewaruka watoto kwa hamu. Mwalimu naye ulimruka, ila kwa sababu nyingine.

Sababu yenyewe ilikuwa msichana wa dawati la mbele. Macho yake yaliona mwanga na giza, basi. Alilelewa na bibi yake, na bibi hakuwahi kumruhusu kwenda safari yoyote ya shule. Wenzake wakirudi na hadithi zao za kutia chumvi, yeye alisikiliza. Safari hii alimfuata mwalimu mwenyewe.

"Mwalimu, huko vitu vinaguswa?"

"Vinaguswa, mwanangu."

"Basi na mimi nataka kwenda."

Hakulia wala hakudeka, na hilo ndilo lililomkata mwalimu maini. Jioni hiyohiyo akapiga hodi kwa bibi, aliyekuwa fundi cherehani na mwanamke asiye na dogo. Alimkuta dirishani, pini mdomoni, gauni la mteja mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama ni habari ya safari, jibu unalo. Mtoto wangu haendi kwenye visima na mioto."

Mwalimu akaona mazungumzo yanafungwa kama mlango, naye akawahi kuweka mguu. "Sitamwachia mkono, bibi. Tangu anapanda basi mpaka namrudisha hapa, mkono wake utakuwa ndani ya mkono wangu."

Bibi alizitoa pini mdomoni, moja moja. "Kula kiapo."

Mwalimu akala kiapo. Alirudi kwake anatembea kama msichana.

Jumamosi akaenda kuikagua njia. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake: hakupeleka watoto mahali ambapo yeye mwenyewe hajapapita kwa magoti. Ndiyo, magoti. Alisema mtu mzima akisimama wima haoni hatari za mtoto, anaona paa na mawingu tu. Kwa hiyo alijifunga kanga kuukuu kiunoni, akapiga magoti getini, akaanza safari, huku mume wake, dereva mstaafu, akimfuata na mkoba na uso wa mtu ambaye hamjui huyu mama ni nani.

"Mama, umedondosha pete?" mlinzi akauliza.

"Angedondosha pete ningefurahi," mume akasema. "Hapo yuko kazini."

Lakini magoti yale yaliona. Yaliona msumari uliochomoza kwenye mlango wa nyumba ya pili, sawasawa na jicho la mtoto wa miaka tisa. Yaliona kuwa ukingo wa kisima ni mfupi mno, na kwamba uvungu wa garimoshi, ambao mtu mzima hana habari nao, kwa mtoto anayecheza kibe na kutafuta pa kujificha ni mwaliko rasmi. Mlinzi akatumwa nyundo, akatumwa mbao, akatumwa kamba. Mhunzi naye akaombwa afue kidogo ili ijulikane cheche zinaruka mpaka wapi, na mwalimu akachora mstari wa chaki mbali na mahali zilipokomea.

Akasimama, akajipukuta vumbi, ameridhika.

"Na yule asiyeona?" mume akauliza. "Umemkagulia kwa macho yako."

Mwalimu akakasirika, kwa sababu ni kweli. Akavua kitambaa cha kichwani, akajifunga machoni, akanyoosha mkono. "Nishike. Nizungushe kote. Na usiniachie, hata nikikuomba."

Mume, aliyezoea kuamriwa na aliyejua faida za kutii, akamshika barabara.

Walizunguka. Mahali fulani mwalimu alisikia maji yakidondoka upande wa kulia, akataka kwenda kuyashika. "Niachie kidogo."

"Umesema hata ukiniomba."

"Sasa nimebadilisha."

"Na yeye atakuja kukuambia hivyohivyo."

Alipofungua kitambaa walikuwa wamerudi getini. Kijiji kizima kilikuwa kimempita, naye hakuwa na kitu kimoja cha kusimulia, isipokuwa kwamba mkono wa mume wake una jasho na huvuta upande wa kushoto. Alimkasirikia mume kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Kisha akajikasirikia mwenyewe. Akajifunga tena, akamwambia akae hatua mbili nyuma, akaenda peke yake. Kokoto za njia zilikwaruza chini ya viatu, na alipotoka njiani zilinyamaza, akajua ametoka. Joto la karakana lilimfika shavuni mapema, kabla ya hatari. Ni toroli tu lililomwumiza muundi, akalitukana vizuri, na mlinzi akatumwa kuliondoa.

Njiani kurudi mume akaanza yeye, maana alimjua.

"Ukimwambia bibi, mtoto haendi."

"Najua."

"Na usipomwambia, anakwenda."

"Anakwenda wapi? Anakwenda kushikwa mkono."

Akapitia kwa bibi. Akaeleza yote, magoti, kitambaa, mpaka toroli. Cherehani ikasimama.

"Kwa hiyo ulinilia kiapo cha uongo."

"Nilikula kiapo cha haraka, bibi. Nilitaka sana aende. Sasa naomba unifungue. Palipo na kisima nitamshika. Palipo salama nitamwachia, na mimi nitakuwa hatua mbili nyuma yake."

"Haendi."

Msichana alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Aligeuka, akaingia chumbani, akaurudisha mlango polepole mpaka ukafungwa. Bibi aliutazama mlango ule. Mtoto angeubamiza, yeye angejua la kusema. Akalichukua gauni la mteja, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nakuja na mimi," akasema hatimaye, shingo upande. "Na mkono nitaushika mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya safari watoto walishika mafundo yao, na nyuma kabisa walikuja bibi na mjukuu, wameshikana kama walioshonwa pamoja. Kila kitu bibi alikisimulia kabla mtoto hajakifikia: hii nyumba, ina udongo, usiguse, ina vumbi, hili garimoshi, jeusi, kubwa, njoo huku. Mwalimu aliwaza, nimempangia usalama kila mtu leo, na huyu mmoja nimempotezea safari yake, na moyo ukamwuma kweli.

Kwenye karakana watoto walipangwa nyuma ya mstari wa chaki. Mhunzi akaonyesha mivukuto yake, mifuko miwili ya ngozi ya kupulizia moto, iliyokaa nyuma ya ukuta mfupi ambako hakuna cheche iliyowahi kufika.

"Nani anisaidie kuvukuta?"

Mikono iliinuka kila upande. Nyuma kabisa ikainuka mikono miwili kwa pamoja, kwa sababu mkono alioinua msichana ndio ule ulioshikwa na bibi, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Watoto wakavunjika mbavu. Mhunzi hakucheka.

"Yule pale. Lakini kazi hii, bibi, inataka mikono yake yote miwili."

Bibi alimtazama mwalimu. Mwalimu hakuahidi kitu. Alionyesha tu njia ya kokoto iliyonyooka mpaka kwenye ukuta, na akaenda kusimama mahali pake, hatua mbili nyuma ya msichana. Bibi akafumbua vidole.

Msichana alikwenda, viatu vikikwaruza. Akapapasa ngozi, akashika vipini, akavukuta. Moto ukawaka, na uso wake ukageukia pale ulipo mwanga. Akaacha, mwanga ukafifia. Akavukuta tena, ukarudi. Alisimama pale akiuwasha na kuuzima, mdomo wazi, na mhunzi, mwenye chuma cha kufua, akasahau chuma chake.

Alipomaliza, bibi tayari alikuwa amenyoosha mkono, anakuja kumchukua.

"Hapana bibi, kaa hapohapo. Nakuja mwenyewe. Sema kitu nikufuate."

Bibi akafungua mdomo. Mwanamke huyu, ambaye wateja walimwogopa kwa maneno, alitafuta neno moja akalikosa. Basi akaanza kupiga makofi, taratibu, machozi yakimtiririka, na msichana akageuza kichwa, akasikiliza, akapiga hatua kwenye kokoto. Watoto nao wakainua mikono wapige makofi, lakini mwalimu akawanyamazisha kwa kidole, maana msichana alihitaji kuyasikia ya mtu mmoja tu.