Asumpta na Nyimbo Zilizobadilishwa Majina

Asumpta Kinunda hakuwa mwimbaji, wala hakuwahi kushika gitaa. Alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma hapa Songea, na shirika hilo lilikuwa na bendi yake, Luhira Jazz, iliyofanya mazoezi kantini kila jioni baada ya kazi. Wenzake wakikimbilia nyumbani, yeye alibaki na redio kaseti yake mezani, anarekodi. Hakutumwa na mtu. Alipenda tu.

Si kila mtu aliipenda Luhira Jazz. Gitaa la Polikarp, kiongozi wao, lilikuwa linakwaruza, halikulia kwa utamu kama magitaa ya bendi za Dar es Salaam. Na maneno yake yalikuwa ya watu waliochoka: karani anayelala njaa, mke wa mlevi, barabara ya Tunduru inavyomeza malori wakati wa masika. Redio ilizikataa nyimbo zao. Waliambiwa hazichezeki na zinakatisha watu tamaa. Kwa hiyo zilisikika kantini tu, na zilipokwisha kusikika zilibaki kwenye kanda za Asumpta, basi.

Halafu shirika likafa. Miaka ile ndivyo ilivyokuwa: leo mnaambiwa biashara ni ruksa, kila mtu ajitafutie, kesho mnakuta lango limefungwa mnyororo. Vyombo vya bendi viliuzwa pamoja na viti na makabati. Polikarp akapanda milima ya Matogoro kulima mahindi na kufyatua matofali. Asumpta akafungua kibanda karibu na stendi, mkabala na kibaraza nilichokuwa nashonea mimi, akaandika ubaoni kwa rangi nyekundu: KANDA ZA ZAMANI ZISIZOPIGWA REDIONI NA KANDA MPYA ZISIZOJULIKANA.

Nilimcheka. "Asumpta shoga yangu, nani atanunua kitu kisichopigwa wala kisichojulikana?"

"Mama Chiku, wewe unashona mitindo ya jana au ya kesho?"

"Atakayoitaka mteja."

"Na anajuaje anataka nini kama hajaonyeshwa?"

Basi akawa anaonyesha. Redio kaseti za Dubai zilikuwa zimeanza kujaa madukani, na vijana wa kila pembe walikuwa wanajirekodi wenyewe, bila studio, bila kampuni: darasani, jikoni, nyuma ya kanisa. Makondakta wa mabasi walimletea kanda hizo zikiwa zimeandikwa majina kwa kalamu ya wino. Alizisikiliza zote mwanzo hadi mwisho, hata zile ambazo kuku walisikika kuliko mwimbaji. Mbovu alizirudisha na neno lake: "Mwanangu, umeimba vizuri wimbo wa mtu mwingine. Wa kwako uko wapi?" Nzuri alizipiga Jumamosi, spika ikiwa nje, wimbo mmoja wa Luhira Jazz, mmoja wa kijana asiyejulikana. Wazee walikuja kwa ajili ya kantini, wakasema hizo nyingine ni kelele, lakini hawakuondoka. Vijana nao walikuja kwa ajili ya kelele, nikawaona wanaanza kutikisa vichwa kwa gitaa la Polikarp.

Ndipo akaja Muhsini, kijana wa wakulima wa korosho kutoka Nalasi, kule Tunduru, amebeba gitaa alilolitengeneza mwenyewe kwa debe la mafuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaitwa nani, na umeleta nini?"

Alileta wimbo mmoja, "Vuka Urudi," nusu Kiswahili nusu Kiyao, juu ya dada yake Somoe aliyevuka mto Ruvuma kwenda kuolewa Msumbiji na hakusikika tena. Mimi ni Myao wa Tunduru. Wallahi, nilikuwa na pini mdomoni na gauni la watu mapajani, nikashindwa kuendelea. Asumpta akamrekodi papo hapo. Aliuweka wimbo ule kwenye kanda moja na nyimbo za Polikarp, upande huu zamani, upande huu sasa, na kanda ile ikatembea na mabasi hadi Mbinga, hadi Tunduru yenyewe.

Siku moja akaja mtu nadhifu, mwenye maneno laini, akajitambulisha kuwa ni Edmund, wakala wa wasambazaji wa kanda kutoka Dar es Salaam. Akasifu. Akauliza waimbaji ni akina nani, wanaishi wapi, kuna nyimbo nyingine? Asumpta alimpa chai, akamweleza yote kwa furaha. Hatimaye mtu wa mjini amesikia! Edmund akanunua kanda mbili, akaaga vizuri.

Mvua zikaja zikaisha. Kisha madukani ikaingia kanda mpya inayong'aa, *Upepo wa Kusini*, na juu yake picha ya kijana mwenye miwani ya jua ameegemea pikipiki. Asumpta aliiweka kwenye redio, akasikiliza kidogo, akaniita kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Mama Chiku, njoo usikie. Isije ikawa ni mimi ninayechanganyikiwa."

Ilikuwa sauti ya Muhsini. Walikuwa wamembandikia ngoma za kinanda juu yake, lakini ni yeye, hata pale anapovuta pumzi kabla ya jina la dada yake. "Vuka Urudi" sasa uliitwa "Mpenzi Rudi," na mwimbaji aliandikwa kuwa ni yule wa pikipiki. Upande wa pili alikuwa Polikarp, gitaa lake lilelile la kukwaruza, chini ya jina lilelile la mtu wa pikipiki, ambaye wakati Luhira Jazz inapiga kantini pengine alikuwa bado hajaota meno.

Ungedhani ubaya umeishia hapo. Edmund alirudi, na safari hii alikuja na wanaume wawili wenye vifua. Akasimama mbele ya kibanda na kutangaza kuwa kanda zile ni mali ya kampuni, na kwamba mwanamke huyu anarudufu na kuuza kazi za wasanii bila ruhusa.

"Kazi za nani?" Asumpta akauliza. "Hebu taja jina."

"Mama, usilete ubishi. Sasa hivi wizi wa kazi za sanaa una sheria."

Wakazoa rafu nzima pamoja na redio kaseti, wakavitia kwenye magunia. Walizoa kanda za makondakta, walizoa kanda za kantini, zile za asili ambazo nyingi hazikuwa na nakala popote duniani. Asumpta aling'ang'ania gunia moja mpaka kitenge kikamdondoka. Na kilichomuumiza kuliko yote, aliniambia baadaye, ni sauti ya mtu katika wale waliokusanyika kutazama: "Si kweli lakini? Kila siku tunamwona anarekodi." Mtu huyo alikuwa anakuja kila Jumamosi.

Alikwenda ofisi ya kata bila kufunga kibanda. Mtendaji, bwana Bartolomeo, alimsikiliza, akamwita Edmund kutoka nyumba ya wageni alikofikia, akapanga wakutane. Tukatuma salamu Nalasi kwa basi. Muhsini akaja na vumbi lake lote. Polikarp akateremka kutoka Matogoro, kanzu ya harusi mwilini, udongo wa matofali kwenye kucha.

Edmund hakutikisika. "Mheshimiwa, kazi hii imetengenezwa studio. Hawa ni watu wa vijijini. Wakisikia wimbo mzuri, kila mmoja anadai ni wake."

Polikarp akasimama taratibu. "Kijana, nyimbo hizi nilinyimwa redio kwa sababu zilikuwa mbaya. Nilikubali. Sasa zimekuwa nzuri, nanyimwa jina. Mnataka nikubali na hilo?"

"Mzee, mimi nina karatasi za kampuni. Wewe una nini?"

Muhsini alikuwa ametazama chini muda wote. Akainua uso. "Dada yangu anaitwa Somoe. Yumo kwenye wimbo, nimemtaja. Huyo mwimbaji wenu, Somoe ni nani yake?"

Edmund akacheka. Nilitamani nimchome na sindano zangu.

Bwana Bartolomeo, haki yake nimpe, aligonga meza kwa hasira. Lakini alisema mambo ya hakimiliki yako juu ya uwezo wake, twende mahakamani, na magunia yarudishwe mpaka shauri lisikilizwe. Magunia yapi? Yalikwishapakiwa basi la alfajiri. Mchana wake Edmund naye akaondoka. Shauri Asumpta alilifungua kweli, akapigwa kalenda mpaka karani wa mahakama akaanza kumkwepa barabarani. Halikusikilizwa.

Na *Upepo wa Kusini* ikapigwa kila mahali. Asumpta akiingia hotelini kunywa chai akaikuta, alisimama katikati ya watu na kusema, "Hilo jina ni la uongo. Huyo ni Muhsini wa Nalasi." Hoteli moja walimtoa nje. Nilimwambia apunguze, ataitwa kichaa.

"Waniite," alisema. "Mimi angalau wataniita kwa jina langu."

Kisha akaazima redio kaseti ya mwanangu Chiku, akawakalisha Polikarp na Muhsini kibarazani kwangu, gitaa la kukopa na gitaa la debe, akawarekodi pamoja. Kabla ya kila wimbo mwimbaji alisema jina lake, kijiji chake, na wimbo umetungwa na nani. Wenye maduka walimwambia akate maneno yale, yanachosha wateja. Alikataa. Kanda ikauzika polepole, si kama ile ya pikipiki, tusidanganyane. Lakini watoto wa mtaani kwetu waliyakariri yale majina, wakawa wanayataja wakicheza.

Polikarp alifariki kabla ya masika yaliyofuata. Kanda za kantini, sauti yake ya ujana, hakuzisikia tena. Tulipanda Matogoro kumzika, na siku ya kuvunja matanga, watu wakiwa wamekwishakula na pombe imezunguka, kijana mmoja wa jirani akawasha redio kuchangamsha wafiwa. Aliweka *Upepo wa Kusini*, upande wa pili. Hakuwa na ubaya, aliupenda tu wimbo ule. Watu wawili watatu wakainuka kucheza.

Asumpta alikwenda akazima.

"We mama, vipi?" kijana akalalamika.

"Unamjua anayepiga hilo gitaa?"

"Si huyo wa kwenye picha?"

"Ni huyu tuliyemzika juzi," Asumpta akasema, na alisema kwa nguvu hata waliokuwa jikoni wakatoka. "Mnacheza msibani kwake kwa sauti yake mwenyewe, na hakuna anayemjua! Wamewafanya ninyi msimjue!"

Mjane wa Polikarp, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kukaribishwa kantini, akaomba wimbo urudishwe mwanzo. Kijana akaurudisha. Tuliokuwa pale tulikaa chini kusikiliza. Asumpta hakukaa. Alisimama mpaka mwisho, mikono kiunoni, anaitazama ile redio kama mtu anayetaka kuipiga kofi.