Tawi Lililohamia Kitangari

Mdogo wangu alishuka kwenye lori pale Masasi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Aliniamkia haraka haraka, nikaitikia marahaba, na hapo hapo akanyoosha kiganja chenye korosho mbili.

"Shika hizi, Dada. Niambie ipi nzito."

Moja ilikuwa imejaa, inalemea. Nyingine ilikuwa nyepesi kama ganda tupu. Nilimwambia hilo halihitaji mtu kuvuka ziwa kwenda kusoma. Alicheka, akasema zote mbili zimetoka shamba moja la Lupaso, zimepandwa na mkono mmoja, mvua moja. Kwa nini mti mmoja uzae hizi na jirani yake uzae zile? Swali hilo ndilo lililokuwa limemla muda wote aliokaa chuo kikuu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na pembeni nikiliandikia habari gazeti dogo la kanisa. Nilikuwa na desturi ya kuuliza mpaka watu wachoke, na jioni ile nilimuuliza hadi wali ukapoa. Alinieleza kwamba ukipanda korosho nono, mti unaoota huenda usizae korosho nono, kama vile mtoto anavyoweza kuacha sura ya mama yake. Lakini ukikata kikonyo cha mti mzuri, yaani kitawi kichanga chenye macho, ukakifunga kwenye chipukizi la mti mwingine, kikonyo hakisahau kwao. Kitazaa vilevile kilivyokuwa kikizaa. Chuoni waliita kazi hiyo kubebesha. Walikuwa wameijaribu kwenye shamba lao mpaka wakaijua vizuri.

"Basi mmemaliza," nilimwambia.

Alitikisa kichwa. Mwalimu wake, Mzungu mmoja asiyejua kukaa kitini, alikuwa amechoka kuona maarifa yanafungiwa kabatini. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba chuo hakitaendelea na shamba la mikorosho kama hakuna mtu wa nje, mkulima au mfanyabiashara, atakayeichukua kazi ile na kuifanya yake kwa faida yake mwenyewe. Mwisho wa likizo angepita Masasi ajionee. Asipomwona mtu huyo, mikorosho ingeng'olewa, na mdogo wangu angehamishiwa kwenye pamba, kazi iliyoanzwa na wengine. Alipofika hapo sauti ilimshuka. Mikorosho ile alikuwa ameipenda kama watu wanavyopenda mifugo.

Nilimshauri aanzishe kitalu cha miche kwetu Newala. Aliniuliza nani atamwagilia. Kule juu kwenye uwanda wa Newala, wanawake walikuwa wakiteremka mabondeni kabla ya jua kutafuta maji ya kunywa, halafu wapande tena na mitungi kichwani. Nani angeyamimina kwenye miche? Hapo ndipo nilipoelewa ujanja wake. Mti wa zamani una mizizi yake tayari, hauombi maji kwa mtu. Unaupa tawi jipya tu.

Tulianza Lupaso, kwa mzee wa kanisa aliyekuwa na ule mkorosho uliozaa korosho nzito. Alikubali tukate vikonyo, akatusimamia kila tulipoweka kisu, akanung'unika kama mtu anayenyolewa na kinyozi asiyemwamini. Tulivifunga kwenye gunia bichi. Mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akinunua korosho Newala alitupa nafasi kwenye lori lake, na yeye mwenyewe akakaa mbele. Alikuwa amesikia habari ya korosho nzito, na mtu anayeishi kwa mizani hahitaji kuelezwa mara mbili. Mdogo wangu, kwa adabu, alimwomba na mzee wa Lupaso apande twende naye.

Siwezi kueleza furaha ya safari ile. Lori lilipanda milima kwa kunguruma, mdogo wangu amelikumbatia gunia, mzee amemkumbatia mdogo wangu asianguke, nami nimeshika kofia za wote.

Kitangari, kijiji cha kwetu huko Newala, tulipokelewa na mjomba wetu, kaka yake mama, na watu wengi waliokuja kutazama. Mjomba alikuwa amekata mkorosho mmoja mkongwe msimu uliopita, nao ulikuwa umetoa machipukizi. Mdogo wangu alinoa kisu, akachonga, akaeleza. Kisha akafanya jambo ambalo mgeni wa mbali asingelifikiria, na ambalo mwenyeji asingelithubutu. Ili kumheshimu mzee wa Lupaso, alimkabidhi kikonyo cha kwanza akipachike kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee alikipachika, akafunga kamba, akajipangusa mikono. Watu waliokuwa wamesogea karibu walirudi nyuma hatua moja.

Kwetu, ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Unaweza kuazimwa shamba, lakini mti ulioupanda kwa mkono wako ni wako, hata ukiota katikati ya uwanja wa mtu. Na mtu mwenye mti shambani mwako ana njia ya kuingia shambani mwako, yeye na wajukuu wake. Mdogo wangu alilijua hilo tangu utotoni. Chuoni, ambako mashamba yote ni ya chuo, lilikuwa limemtoka. Mbele ya macho ya Kitangari nzima, mtu wa kule chini ya milima, wa Lupaso, alikuwa amepanda kwenye mti wa mjomba.

Mjomba aliuliza, taratibu, korosho za tawi lile zitakuwa za nani. Mzee wa Lupaso, ambaye mpaka wakati huo hakuwa na wazo lolote baya, alijibu kwamba kwa kuwa wameuliza, bila shaka ni zake. Zogo likaanza hapo. Mjomba alitaka panga alikate tawi. Mfanyabiashara alirudi kwenye lori akisema hawezi kutia mali yake kwenye mti wenye mabwana wawili. Mdogo wangu alisimama na kisu mkononi. Niliona anaiona pamba.

Nilimwomba mjomba aliache neno lile mpaka asubuhi. Alikubali kwa ajili ya heshima ya mzee, ambaye ilibidi alale kwetu na kulishwa vizuri na watu waliomkasirikia. Asubuhi tuliketi barazani. Kila mmoja alisema yale yale ya jana kwa sauti ya chini zaidi. Wakati huo mama yetu mdogo, dada yake mjomba, alikuwa akimenya mihogo karibu nasi. Yeye alikuwa na mikorosho yake mwenyewe, na jana alikuwa amezipima zile korosho mbili mkononi muda mrefu kuliko mtu yeyote.

"Kaka," alisema bila kuinua macho, "watoto wangu ni wa nani?"

"Wetu," alijibu mjomba. "Swali gani hilo?"

"Baba yao alitoka wapi?"

"Chini huko."

"Alipokuja kukaa kwetu alileta nini?"

"Shoka," alisema mjomba, "tena bovu." Watu walicheka, na mume wa mama mdogo, aliyekuwa nyuma, alicheka pia.

"Basi tawi hilo ni mume. Limetoka kwao, limehamia kwa mke. Likizaa, watoto ni wa upande wa mke."

Mzee wa Lupaso alikaa sawasawa. Aliuliza itakuwaje siku mume akitaka kurudi kwao.

"Aende na shoka lake, Baba. Watoto anawaacha."

Mjomba bado alikuwa amekunja uso. Alisema mti si mtu. Mama mdogo aliweka kisu chini, akamwelekezea mdogo wangu kidole. "Na huyu je? Baba yake alitoka kwingine. Ukiikana sheria hiyo, ulimpa mwanangu huyu jando na ada ya shule kwa haki ipi? Mrudishe kwa baba yake leo, halafu ukate tawi."

Enzi yote ya mjomba juu yetu ilisimama juu ya sheria ile ile, kwamba watoto ni wa upande wa mama. Alitutazama mmoja mmoja, akaona wapwa zake wote wanangoja, akaanza kucheka mwenyewe, kicheko cha mtu aliyekamatwa na mtego wake. Alisema tawi libaki.

Mzee wa Lupaso alilalamika kwamba yeye sasa amekuwa mtoa waume wa bure. Hapo mfanyabiashara, aliyekuwa amerudi kuchukua abiria wake, alisogeza kiti. Alisema kila mtaka kikonyo alipe Lupaso mara moja, siku ya kukatwa, na basi, hakuna madai ya baadaye. Lori lake litapandisha mafungu ya vikonyo, naye atanunua korosho zikizaliwa. Mzee alipiga hesabu ya matawi yake kimoyomoyo, akawa mchangamfu ghafla. Mama mdogo alikubali, ila akasema mizani ya kuuzia watachagua wauzaji wenyewe. Mfanyabiashara alitabasamu kama aliyetegemea aambiwe hivyo.

Wiki kama zile zilizofuata sijapata kuziona tena maishani. Mama mdogo alijifunza kuchonga, akawafundisha wanawake wenzake, nao wakaja wengine kutoka Mnyambe kutazama na kubishana juu ya kamba ipi inafaa. Vikonyo vingine vilikauka. Vingine vilitoa jani dogo jekundu, na kila jani lilipotokea watu waliitana kama kumezaliwa mtoto. Walipouliza mwenye kazi hii ni nani, walionyeshwa mama mdogo. Mdogo wangu alizunguka akijaribu kusaidia, akaambiwa asimame pembeni, anakinga mwanga.

Mwalimu wake alifika Kitangari mwisho wa likizo, jua kali, kofia mkononi. Alimkuta mama mdogo juu ya ngazi, akamwamkia shikamoo kwa Kiswahili chake cha kujikaza, akauliza maswali mengi kuliko yangu. Alikagua mafundo, akayagusa, akarudi akayagusa tena. Mdogo wangu alimfuata hatua kwa hatua.

Hatimaye Mzungu alimgeukia, akamwambia shamba la chuoni litabaki, tena litaongezwa. Kisha akamwomba mama mdogo vikonyo vya ule mkorosho wa Lupaso, apeleke chuoni kwa majaribio mapya.

Mama mdogo alifunga fundo lake mpaka mwisho ndipo akamjibu. Alimwambia vikonyo vya juma lile vyote vina wenyewe, watu wa Mnyambe wameshalipa. Chuo kikitaka, kiagize kwa mzee wa Lupaso kama wengine, kingoje zamu yake.

Mdogo wangu alitafsiri neno kwa neno. Mwalimu wake alicheka mpaka akalazimika kuketi chini, kisha akauliza zamu ni lini.