Mtaro Uliofunikwa Mabua

Nilisikia mguu wangu ukilia kama kuni kavu, na wakati huohuo nikasikia watu wakishangilia goli. Nilikuwa ndani ya mtaro, beki wa Matiliku, timu ya wageni, amenilalia, mdomo wangu umejaa vumbi. Watu wetu wote walikuwa wanambeba winga juu juu.

Goli hilo sikuligusa, lakini mimi ndiye nililifungulia njia. Nilikuwa namba tisa wa timu ya soko letu, Kasikeu. Yule beki kazi yake ilikuwa kupakia magunia ya pamba kwa lori, mtu mpana kama mlango, na mipira yote ilimwishia kifuani. Kocha wetu, mwalimu wa shule ya msingi, alituchorea mchangani na kijiti.

"Huyo hapitiki," akasema. "Lakini anapenda kufuata mtu. Wewe kimbia kando kwa laini kama unaitisha mpira. Akikufuata, katikati panabaki wazi, winga anaingia kutoka ule upande mwingine."

Winga alikuwa mtoto wa dada yake kocha.

Nikamuuliza, "Na ule mtaro, mwalimu?" Maana wiki hiyo akina mama wa mwethya, wale wanaochimbiana mashamba kwa zamu, walikuwa wamechimba mtaro wa kuzuia udongo usibebwe na mvua, hatua mbili tu nje ya laini.

"Ulijazwa asubuhi. Kimbia na roho safi."

Nilikimbia mara tano. Kila mara beki alinifuata, akinihemea shingoni. "Wewe kijana, unaitisha mpira na haukuji. Kwani wenzako hawakupendi?" Hata mimi nikacheka. Mara ya sita akanisukuma na bega, nikatoka nje nikakanyaga mabua ya mahindi. Chini ya mabua hapakuwa na kitu. Akaniangukia.

Aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani ni huyo beki. "Pole, ndugu yangu. Mimi ni mgeni hapa, sikujua." Nilimwamini.

Mama mmoja wa mwethya ndiye alikuja kunieleza. Kocha na sub-chief, msaidizi wa chifu wetu, waliwaambia wafunike mtaro na mabua, ili wageni wakifika wasikatae kucheza. "Walisema nyinyi mnajua," akasema, na hakuweza kuniangalia.

Mguu ulipona ukiwa umepinda. Siwezi kusimama na jembe, na asiyechimbia wenzake, mwethya haiji kwake. Shamba langu halina mtaro hata mmoja. Udongo wote umeenda mtoni.

Sub-chief alistaafu, hanisalimii. Kocha siku hizi ni mzee wa kanisa. Ananishika mkono kila Jumapili akisema ilikuwa mipango ya Mungu. Mungu hakubeba mabua.

Mwalimu, wale akina mama bado wako hai na wanakaa viti vya mbele. Simama mbele yao Jumapili hii useme ni nani aliniambia mtaro umejazwa.