Begi la Mtoto wa Pazia la Nne

Asubuhi ile Bibi Sabuni alikunywa chai kwa kusimama, kama kawaida yake. Mumewe akamtania, "Kaa basi, kiti hakina miba." Akacheka, akamwachia nusu kikombe, akatoka.

Kazi yake ilikuwa kufua kwenye nyumba ya hifadhi ya watu wasio na makao. Ukumbi mmoja, familia kumi na moja, kila familia na pazia lake. Watoto wa pale ndio waliompa jina la Bibi Sabuni.

Nyuma ya pazia la nne walilala mama mmoja na binti yake wa miaka saba. Walitolewa chumbani kwao, vyombo vikatupwa nje, mtoto yuko shule, ameahidiwa kwamba akirudi atamkuta mama pale pale. Tangu siku hiyo mtoto hakusema neno. Alilala na viatu miguuni, begi shingoni. Wenzake walimwita Bubu.

Kunguni walikuwa wamezidi, ikawa siku ya kufua kila kitu. Mtoto akiwa anaoga, Bibi Sabuni akaliona begi kwenye msumari, limeganda uchafu. Akalitosa kwenye sufuria ya maji ya moto pamoja na mashuka. Nia yake njema tu.

Mtoto akatoka bafuni. Akatazama msumari. Ukelele aliopiga! Kisha akatoweka.

"Mwanangu! Uko wapi, mama?" Mama yake anaita, anafunua mapazia ya watu. Mlinzi anaapa kwamba langoni hajapita mtoto. Nje magari yanapita kwa kasi. Bibi Sabuni alijua hayo yametoka mkononi mwake.

Akarudi chumba cha kufulia, akaliopoa begi. Kapu la mashuka machafu likatikisika. Ndani, mtoto amejikunja, anahema kama aliyekimbizwa, anajiuma mkono.

Hakumvuta. Akakaa chini kwenye majimaji, begi linachuruzika mapajani.

"Sijalifungua, mjukuu wangu. Nimekosa. Nilipaswa kukuomba kwanza."

Mlangoni msimamizi akafoka, "Bibi, mashuka yanakusubiri!"

"Yana miguu? Yataenda wapi?"

Mkono mdogo ukatoka kapuni. Ukapekua begi, ukaibuka na ufunguo wa kile chumba chao cha zamani, ambamo sasa wanakaa watu wengine. Ndipo sauti ikatoka, imekwaruza: "Kesho utakuja?"

"Nitakuja. Utanikuta hapa hapa."

Kesho yake Bibi Sabuni hakuamka. Moyo, walisema.

Mumewe akawaacha ndugu nyumbani na maiti, akaenda kwa miguu mpaka chumba cha kufulia. Mtoto alikuwa keshafika, amekaa kando ya kapu, ufunguo mkononi. Mzee hajui kupamba maneno. Akamwambia bibi amefariki. Kisha akampa yale aliyosema mkewe kabla ya kulala, bila kupunguza wala kuongeza:

"Niamshe mapema, mzee wangu. Nimemwambia mtoto atanikuta, na yule ameshadanganywa vya kutosha."