Shilingi Iliyokula Yai

Mjukuu wangu, kabla sijajibu swali lako, nikwambie nilichokiona kwa macho yangu: mzee aliyeinusa shilingi ya fedha, akairudisha mezani taratibu, akasema, "Hii imekula yai." Mwenye shilingi alikuwa ametoka kumwita dada yake mwizi mbele ya ukoo. Kwa maneno hayo matatu, kesi ikamgeukia.

Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya sarafu ya zamani yenye rangi za upinde wa mvua, ukaniuliza, "Shosh, hii ni orijino ama imepakwa?" Kwa picha mimi sijui. Lakini najua nilikojifunzia kuuliza, na huko ndiko nataka nikupeleke.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, hapa hapa Majengo. Baba mkwe wangu, Mzee Shabani, alikuwa sonara. Alifanyia kazi barazani penye mwanga, na fedha kuukuu za kila aina zilipita mkononi mwake. Nilipenda kumtazama. Mtu akimletea kitu, hakukishika upesi. Alikiangalia kwanza, kama anayengoja kimsalimu.

Rafiki yangu Nekesa alipika ugali katika kibanda cha nyama choma pale Soko la Burma. Baba yake alipofariki alimwachia yeye na kaka yake, Wafula, shilingi mbili za mkoloni, zile zenye simba upande mmoja na mfalme upande wa pili, kila mmoja yake. Hazikuwa za kuuzwa. Wosia ulikuwa kwamba wakikutana kumkumbuka, waziweke pamoja mezani, ndipo wale.

Walipokutana mtaani Huruma kwa kumbukumbu ya kwanza, shilingi ya Wafula ilimeta buluu na wekundu. Ya Nekesa ilikuwa imefifia, udhahabu umetambaa ukingoni, na juu yake vimistari vyembamba kama wavu. Wafula akasema ile ya dada yake si ya baba. Ameiuza akaweka nyingine. Shangazi yao akataka Nekesa aape juu ya kaburi.

"Kuapa naweza," Nekesa aliniambia huku anajifuta macho kwa leso. "Lakini nikishaapa, wanangu wataitwa watoto wa yule aliyeapishwa. Hilo nitalifua na sabuni gani?"

Nikamwambia awalete kwa Mzee.

Walikuja baada ya kanisa, shangazi mbele. "Hatukuja kununua bangili," alisema kabla hajaketi.

"Nami leo siuzi, mama. Karibu kiti."

Wafula aliweka shilingi yake mezani kwa kishindo. "Mzee, hii yangu hata kipofu anaona ni ya zamani."

"Kipofu ndiye angekwambia vizuri zaidi," Mzee akajibu, na ndipo alipoinusa, akasema yale maneno ya yai.

Kisha akaigeuza kwenye mwanga, polepole, akatuita tutazame. Fedha, alisema, huzeeka kwa adabu. Huanza na udhahabu hafifu, ikafuata kahawia, kisha zambarau, ndipo buluu, na mara nyingi rangi huingia kutoka ukingoni kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Rangi moja humwachia mwenzake nafasi, hujui imeishia wapi. Hii ya Wafula ilikuwa imerukia buluu bila kupita njiani. Na kwenye shavu la mfalme palikuwa na mikwaruzo mipya, rangi imejaa ndani yake.

"Rangi ni mdogo wa mikwaruzo, imezaliwa baada yake," Mzee alisema. "Uliisugua na nini, kijana?"

Wafula aliangalia viatu vyake. "Majivu."

Akatueleza kwamba alitaka iwe safi kwa ajili ya meza ya baba, basi akaisugua kama sufuria ya kumpikia mgeni. Ikatoka nyeupe, watu wa nyumbani wakamcheka kwamba ameokota ya juzi. Muuza mayai boilo, yale ya kuchemsha, wa mtaani akamfundisha: vunja yai likiwa moto, litie kwenye mfuko pamoja na sarafu, funga. Kwa mvuke wa yai rangi zikaja, na harufu ikabaki. Lakini siku ya kumbukumbu alipoona zilivyo tofauti, akahofu ataulizwa, akawahi kumnyooshea dada yake kidole.

Shangazi alimgeukia. "Kwa hiyo umetupandisha na kututeremsha kwa sababu ya yai?"

Mzee hakucheka. Alimwomba Nekesa kitambaa alichofungia shilingi yake. Kilikuwa kipande cha mfuko wa shati la baba yao, marikani iliyochakaa. Akakilaza kando ya shilingi. Mwanangu, vile vimistari vya wavu vilikuwa ni nyuzi za lile shati. Muda wote shilingi ilipolala humo, kitambaa kilikuwa kinajichora.

"Hili siwezi kuliiga," Mzee Shabani alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi kushindwa. "Na najua vya kuiga."

Kisha akamgeukia Wafula. "Ungesema 'niliisugua', tungecheka, tukanywa chai. Umemtoa kafara dada yako ili uifiche shilingi."

Nekesa ndiye aliyeomba mkasi. Alikata kile kitambaa katikati, akaifunga shilingi ya kaka yake kwa nusu, akamkabidhi. Nimeona watu wengi wakisamehe kwa hotuba; kwa mkasi nimemwona yeye tu.

Basi, mwanangu, sarafu ikikumetea machoni, kumbuka kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Igeuze mwangani, uulize rangi zimefuatana vipi, utazame kama zimeingia mikwaruzoni, uinuse. Usiisugue kamwe. Na ukikosea, sema mapema kungali rahisi, kwa maana njia ya mwongo ni fupi, na mwishoni mwake kuna mtu wako amesimama akilia. Mungu akupe macho ya Mzee Shabani na moyo wa Nekesa, na akuepushe na haraka ya kumhukumu wa tumbo moja nawe.

Swali lako la picha bado sijalijibu, nami ninalo langu. Mwaka jana nilialikwa Huruma, shilingi zote mbili zikawekwa mezani, kisha tukala. Ile ya Wafula sasa ina udhahabu ukingoni, na nilipoielekeza dirishani niliona kama vimistari. Huenda ni shati la baba yao limeanza kuandika. Huenda ni lile yai. Niliinusa, nikaigeuza, nikairudisha kwenye kitambaa chake. Mzee Shabani hayupo wa kuulizwa, nami hadi leo sijajua.