Ukurasa wa Pili Ndani ya Fremu

Wanafunzi walimwita Mzee Chaki, na hakuna siku aliyolichukia jina hilo. Alisomesha hisabati chuoni, na alikuwa na desturi moja: akishika swali, hasomi kazi ya mtu mwingine mpaka amalize yake. "Nikishikwa mkono, nitajuaje kama najua kutembea?" Desturi hiyo ndiyo iliyomponza.

Kanuni yake ya namba tasa ilipochapwa jaridani, mdogo wake, fundi cherehani, alitia ukurasa wa kwanza katika fremu akautundika dukani, jina la ukoo likisomeka tangu mlangoni. Mteja hakupimwa kiuno kabla hajausoma.

Kisha Chaki, akiandaa somo, akafungua jarida la zamani maktabani. Kanuni ile ile! Mwalimu mmoja mwanamke aliithibitisha zamani, Chaki akiwa bado anajifunza kujumlisha. Kilichobaki kuwa chake ni njia fupi tu ya kufika palepale.

Alikwenda dukani na mkewe, akamweleza mdogo wake, na kwamba ameshaandika taarifa ya kulisahihisha jambo hilo jaridani.

"Kaka, nani mwingine kaiona?"

"Nimeiona mimi. Haitoshi?"

"Funika kombe mwanaharamu apite! Jina la baba limeingia vitabuni, wewe unataka kulitoa? Shemeji, msemeshe mumeo!"

"Taarifa yake nimeshaisoma mara mbili," mke alijibu. "Haina kosa."

"Baba hakuvaa nguo ya kuazima," Chaki alisema. "Wewe ungebandika lebo yako kwenye koti la fundi mwenzio?"

Fundi akainamia cherehani.

Mhariri wa jarida aliikubali taarifa, ila akataka kuiweka nyuma, kwa herufi ndogo, kama ilivyo kawaida. Chaki akamwendea ofisini mara kwa mara, hata kiti akakikataa.

"Makala mliiweka mbele. Na hii itakaa mbele, jina la yule mama likiwa kamili."

"Watu watakucheka, Mzee."

"Wacheke, lakini wawe wamesoma."

Ikachapwa mbele. Chaki akaupeleka ukurasa dukani, akaiteremsha fremu. Mdogo wake akamdaka mkono.

"Usiitoe, kaka."

"Siitoi. Nipe mkasi."

"Wewe? Utakata upogo!"

Fundi akazipunguza kingo mwenyewe, akaupanga ukurasa mpya chini ya ule wa kwanza, akarudisha kioo. Mteja aliyekuwa akisubiri akasogea.

"Ukianza wa juu, malizia na wa chini," fundi alimwambia. "Ndipo nikupime."