Drili Yenye Kelele

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nkubu, nyuma ya bwana mmoja na mkewe. Bwana alikuwa akichagua drili. Ya bei nafuu ilipowashwa, alitega sikio, akaikataa.

"Hii inanong'ona tu. Lete ile kubwa."

"Hii hata mawe inatoboa," muuzaji akaisifia ile kubwa alipoileta.

Mke akashika kiuno. "Baba, kwani nyumba yetu si ya mbao? Hiyo saa ya ukutani unayotaka kutundika inataka msumari na nyundo tu."

"Ya mawe tutajenga, mama."

"Lini?"

Bwana akabonyeza kitufe. Drili ikanguruma, swali likamezwa. Akalipa kidole kikiwa bado kitufeni. Ndipo nikaelewa kwa nini waheshimiwa hawaji kutuahidi barabara bila spika kubwa.